Spishi 900 Tu? Hesabu ya Viumbe Wanaotoweka na Mahali Inapotupotosha

Tangu mwaka 1500 hadi leo, spishi za wanyama na mimea zilizothibitishwa rasmi kuwa zimetoweka duniani ni takriban 900. Hesabu hiyo inatoka kwenye Orodha Nyekundu, daftari linalotunzwa tangu 1964 na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Ziweke hizo 900 mbele ya spishi zipatazo milioni 2 ambazo sayansi imeshazipa majina, utapata chini ya moja ya kumi ya asilimia moja. Halafu unawasikia wataalamu wakisema tumo ndani ya maangamizi ya sita ya viumbe, ya kulinganishwa na yale yaliyowamaliza dinosaria. Mwenye kuuliza "mbona kelele ni kubwa kuliko hesabu?" hana kosa. Anastahili kujibiwa, si kukemewa.

Jibu lenyewe lina mafundo kadhaa. La kwanza ni kwamba watu wanaobishana juu ya jambo hili mara nyingi hawapimi kitu kimoja.

Ukubwa na kasi

Kutoweka kwa spishi si ajabu. Zaidi ya asilimia 99 ya spishi zote zilizowahi kuishi zimekwisha kitambo, nyingi zikiondoka moja moja bila kishindo. Hata wazo lenyewe, tunaloliona leo kuwa la wazi, halina umri mkubwa. Ni mwaka 1796 ndipo mwanasayansi Georges Cuvier, akiwa Paris, alipolinganisha mifupa ya mamothi na ya tembo walio hai, akaonyesha kwamba mamothi alikuwa mnyama mwingine kabisa na kwamba hayupo tena popote. Kabla ya hapo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kuwa kiumbe hakiwezi kufutika. Kama hakionekani hapa, basi kiko kwingine ambako hakuna aliyefika.

Kwa kusoma visukuku, wanasayansi wanakadiria kwamba katika nyakati za kawaida, ukiwa na spishi milioni moja, utapoteza moja hivi kila mwaka. Mara tano katika kipindi cha miaka milioni 500 kawaida hiyo ilivunjika, robo tatu ya spishi au zaidi zikapotea ndani ya muda ambao wanajiolojia huuita mfupi. (Mfupi wao unaweza kuwa miaka laki kadhaa, wana subira kuliko sisi.) Maangamizi mabaya kuliko yote yalitokea miaka milioni 252 iliyopita, volkano za Siberia zilipomwaga lava na gesi hadi hewa na bahari vikabadilika. Yanayojulikana zaidi ni ya miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kikubwa kilipopiga Chicxulub, kwenye rasi ya Yucatán huko Meksiko.

Ukipima kwa ukubwa, hatujafika robo tatu wala hatujakaribia. Ukipima kwa kasi, habari inageuka. Mwaka 2015 mwanaikolojia Gerardo Ceballos na wenzake waliwachunguza wanyama wenye uti wa mgongo peke yao. Kasi ya kawaida waliiweka juu makusudi, wasije wakaambiwa wanatia chumvi. Bado wakakuta kwamba spishi zilizotoweka ndani ya karne moja iliyopita, kwa mwendo wa kawaida, zingechukua kati ya miaka 800 na 10,000 kwisha. Miaka minne kabla yao kundi la Anthony Barnosky lilikuwa limepiga hesabu nyingine: kama spishi zote za mamalia, ndege na amfibia zilizo hatarini zingeisha ndani ya miaka mia moja, na kasi hiyo ikaendelea, kiwango cha robo tatu kingefikiwa baada ya miaka 240 hadi 540 hivi. Kwa jiolojia hiyo ni kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo anayesema maangamizi ya sita hayajatimia na anayesema tumo ndani yake wanaweza wote wawili kuwa wakweli. Mmoja anatazama umbali uliokwisha kwenda, mwenzake anatazama mwendo. Binafsi naona ubishi juu ya jina umekula muda usiostahili. Kinachonishughulisha ni ile 900 yenyewe, kwa sababu ni namba sahihi inayoleta picha isiyo sahihi.

Kabla jina halijaingia daftarini

Ili spishi iandikwe kuwa imetoweka, lazima pasiwe na shaka ya msingi kwamba wa mwisho wake amekufa. Sharti hilo ni la busara: ukimtangaza mfu aliye hai, fedha na ulinzi vinamwondokea. Lakini linalifanya daftari liwe nyuma ya ukweli kwa miaka mingi. Thailasini wa mwisho kujulikana, yule mla nyama mwenye mfuko kama kangaruu aliyeishi Tasmania, alifia katika bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba 1936. IUCN ilimtangaza kuwa ametoweka mwaka 1982. Baiji, pomboo wa mto Yangtze nchini China, alitafutwa kwa wiki sita mwaka 2006 na hakuonekana hata mmoja. Daftarini akaendelea kuhesabiwa na walio hatarini mno, pembeni yake pameandikwa kwamba huenda ametoweka. Hayumo katika zile 900.

Na hao ni wale waliotafutwa. Orodha Nyekundu imetathmini spishi kama 170,000, na zaidi ya 47,000 kati ya hizo ziko katika hatari ya kutoweka. Ndege na mamalia wametazamwa karibu wote. Wadudu, ambao ndio sehemu kubwa ya wanyama wote duniani, wametazamwa wachache mno, na kuvu ndio kabisa. Kisha kuna spishi ambazo hazijapewa hata jina: makadirio yanayotumika sana yanasema dunia ina spishi takriban milioni 8. Kiumbe kisicho na jina hakiandikiwi kifo.

Konokono wa nchi kavu wanasaidia kuonyesha ukubwa wa pengo hilo, maana maganda yao hubaki ardhini wenyewe wakishaisha. Robert Cowie na wenzake waliwatumia mwaka 2022 kukisia hasara miongoni mwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Walipata kwamba tangu 1500 huenda dunia imepoteza kati ya asilimia 7.5 na 13 ya zile spishi milioni 2 zinazojulikana, yaani 150,000 hadi 260,000. Ni makisio, na mtu anaweza kuyapinga. Lakini tofauti kati ya 900 na 150,000 si ya kupuuza.

Kisa kimoja cha konokono ninakipenda, kama ni sahihi kupenda kisa cha namna hiyo. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki alisafirishwa na watu hadi visiwa vya Pasifiki, akageuka mharibifu wa mazao. Ili kumkomesha, mwaka 1977 kisiwa cha Moorea kililetewa konokono mwingine anayekula konokono wenzake, Euglandina rosea. Mgeni huyu hakujisumbua sana na lile jitu aliloletewa. Aliwageukia konokono wadogo wa kienyeji wa jenasi Partula, na ndani ya miaka kumi porini mwa Moorea walikuwa wamekwisha. Waliosalia ni wale waliokuwa wamechukuliwa mapema na kufugwa ughaibuni, na vizazi vyao vimeanza kurudishwa.

Deni ambalo bado halijadaiwa

Hata kama tungeweza kukagua kila spishi leo jioni, bado hesabu ingekuwa pungufu, kwa sababu sababu ya kutoweka na tukio la kutoweka hutengana kwa miaka mingi. Mwaka 1994 David Tilman na wenzake waliliita pengo hilo deni la kutoweka.

Chukua msitu mkubwa, ukate sehemu tisa kati ya kumi. Kuna kanuni ambayo wanaikolojia wameipima mara nyingi katika visiwa na mabaki ya misitu, nayo inasema kwamba eneo likipungua kwa kiasi hicho, spishi zitakazobaki mwishowe ni kama nusu, au zaidi kidogo. Uzito wote uko kwenye hilo "mwishowe". Siku misumeno inaponyamaza, karibu spishi zote bado zipo, zimebanana kwenye kipande kilichosalia. Mkaguzi akipita wiki hiyo ataandika kwamba zilizotoweka ni sifuri, na atakuwa hajasema uongo. Baada ya hapo hesabu ya idadi ndogo huanza kazi yake. Kundi la wanyama 30 linaweza kumalizwa na ukame wa mwaka mmoja, au na ugonjwa ambao kundi la 30,000 lingeuvuka. Ndugu huanza kuzaa na ndugu. Msimu mmoja wanaozaliwa wanakuwa madume watupu, kwa bahati mbaya tu, na hakuna kundi jirani la kuwaletea majike.

Barro Colorado ni mahali ambapo malipo ya deni hilo yameshuhudiwa. Kilikuwa kilima chenye msitu huko Panama hadi mfereji ulipojengwa, bonde likajaa maji, na kufikia 1914 kilele kikawa kisiwa. Tangu 1923 kimehifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Pamoja na ulinzi huo, makumi ya spishi za ndege zimepotea kisiwani katika miongo iliyofuata, kimya kimya, moja leo na nyingine miaka kumi baadaye.

Miti hulipa polepole kuliko ndege. Mti wa miaka 300 ambao wanyama waliokuwa wakisambaza mbegu zake wamewindwa wote unaweza kusimama kijani kibichi kwa karne nyingine mbili. Kwenye picha ya setilaiti msitu wake ni mzima.

Vifaru weupe wa kaskazini nao wamo katika hali hiyo. Dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na wanasayansi wanajaribu kutengeneza viinitete maabara kwa mbegu zilizogandishwa. Hii ni nususpishi, si spishi kamili, lakini jambo ni lilelile: muda wote ambao Najin na Fatu wako hai, hakuna daftari litakaloandika hasara.

Kupungua bila kutoweka

Kuna namba nyingine inayovuruga watu zaidi. Ripoti ya shirika la uhifadhi la WWF ya mwaka 2024 ilisema makundi ya wanyamapori wenye uti wa mgongo yanayofuatiliwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 73 tangu 1970. Vichwa vya habari vingi viligeuza hiyo kuwa "dunia imepoteza robo tatu ya wanyama wake". Sivyo. Tuseme kuna makundi mawili: moja lilikuwa na wanyama 20, limebaki na 2, jingine lilikuwa na 1,000, limebaki na 900. La kwanza limepungua kwa asilimia 90, la pili kwa 10, na wastani wa kupungua ni asilimia 50. Lakini ukihesabu vichwa, kutoka 1,020 hadi 902, upungufu ni kama asilimia 12. Namba ya WWF ni ya aina hiyo ya kwanza, ingawa kanuni yao ni tata zaidi. Inatuambia jinsi makundi yanavyoendelea, haihesabu vichwa. Kwa maoni yangu waandishi wanaoitumia vibaya wanaipa silaha kambi isiyotaka kusikia lolote.

Ikieleweka vizuri, namba hiyo ina ujumbe mzito, nao ni kwamba kiumbe kinaweza kuacha kufanya kazi yake duniani muda mrefu kabla hakijatoweka. Tumbusi wa India wanathibitisha hilo. Kuanzia miaka ya 1990, spishi tatu za tumbusi katika bara dogo la India ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 95. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 2004 ikagundulika kuwa chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu iliyokuwa ikipewa ng'ombe: tumbusi akila mzoga wenye mabaki ya dawa hiyo, figo zake hufeli. Mizoga ikakosa wa kuila. Mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao, maji yakachafuka. Wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan wamekadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 kupotea kwa tumbusi kulichangia vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Katika hao tumbusi, hakuna hata spishi moja iliyotoweka. Kwenye ile hesabu ya 900 msiba wote huo hauonekani.

Nani anafanya, na kwa njia gani

Jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, lilitaja mwaka 2019 visababishi vitano kwa mpangilio wa uzito: kubadilisha matumizi ya ardhi na bahari, kuvuna viumbe kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na spishi vamizi. Ripoti hiyohiyo ndiyo iliyokadiria kuwa spishi kama milioni moja ziko hatarini, nyingi ndani ya miongo michache.

Uwindaji ndio unaoeleweka kwa urahisi, na ndio uliojaza visa vya zamani. Ng'ombe-bahari wa Steller alijulikana kwa sayansi mwaka 1741. Kufikia 1768 alikuwa amekwisha, ameliwa na mabaharia. Njiwa-msafiri wa Amerika Kaskazini walikuwa mabilioni, na wa mwisho alikufa Cincinnati mwaka 1914. Leo mwuaji mkubwa hana bunduki. Ni shamba linalopanuka, na mara nyingi mazao yake huliwa mbali sana na pale msitu ulipokuwa. Ndiyo maana neno "binadamu" katika mjadala huu linanitia mashaka kidogo; linawagawia lawama sawasawa watu ambao hawakushiriki sawasawa. IPBES yenyewe inasema kwamba katika ardhi zinazosimamiwa na jamii za asili uharibifu kwa jumla unaenda polepole zaidi. Ila pia tusiwape mababu utakatifu: moa, ndege wakubwa wasioruka wa New Zealand, walimalizwa ndani ya karne moja au mbili tu baada ya watu wa kwanza kufika visiwani humo.

Orodha ya visababishi vitano ina kasoro ya kutufanya tudhani kila kimoja kinatembea peke yake. Tazama chura wa Kihansi, nchini Tanzania. Alikuwa akiishi kwenye eneo la hekta 2 hivi tu, ndani ya manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, na ni miongoni mwa vyura wachache duniani wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa maji umeshaanza. Bwawa lilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwingine na manyunyu yakakauka. Zikawekwa mashine za kunyunyizia, vyura wakaanza kuongezeka, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Safari hii ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi ulionekana miongoni mwao, uleule uliochangia kupungua kwa spishi zisizopungua 501 za amfibia duniani, 90 kati yake zikidhaniwa kutoweka. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliponea kwa sababu karibu 500 walikuwa wamepelekwa mapema Marekani kufugwa, na kuanzia 2012 vizazi vyao vikaanza kurudishwa Kihansi. Bwawa bila kuvu, labda wangestahimili. Kuvu bila bwawa, haijulikani. Vyote pamoja viliwamaliza.

Ziwa Victoria lilipita njia kama hiyo. Sangara waliopandikizwa miaka ya 1950 hulaumiwa kwa kupotea kwa spishi kama 200 za furu, na ni kweli waliwala. Lakini maji nayo yalikuwa yakichafuka kwa rutuba kutoka mashambani na mijini. Furu jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na tope, rangi hazionekani, spishi zilizokuwa zikitengana zinaanza kuchanganyika. Baadhi hazikuliwa wala hazikuvuliwa. Ziliyeyukia ndani ya nyingine.

Deni linaweza kupunguzwa

Ule ucheleweshaji unaotudanganya ndio pia unaotupa nafasi. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kuwa tangu 1993 juhudi za uhifadhi zimezuia kutoweka kwa spishi kati ya 28 na 48 za ndege na mamalia. Kwa upande wa serikali rekodi ni mbaya: malengo 20 ya bioanuwai yaliyowekwa mwaka 2010 yalifika ukomo wake 2020 bila hata moja kutimizwa kikamilifu. Desemba 2022 huko Montreal mataifa yakakubaliana mengine, likiwemo la kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Nina wasiwasi na lengo hilo kwa sababu moja: ni rahisi kulinda jangwa au milima ambayo hakuna anayeitaka, ukatimiza asilimia bila kugusa mahali spishi zinapobanwa.

Kisa cha kozi wa Morisi kinaonyesha ugumu ulipo. Mwaka 1974 ndege hao waliojulikana kuwa hai porini walikuwa wanne, na sumu ya DDT ilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa kuwazalisha kwenye vizimba, kuwalisha na kuwawekea masanduku ya viota, wakaongezeka hadi mamia. Dunia ikashangilia, nayo Orodha Nyekundu ikawashusha daraja la hatari. Mwaka 2014 ikawapandisha tena. Morisi imebakiwa na chini ya asilimia 2 ya msitu wake wa asili, na humo ndege hao hawawezi kuwa wengi zaidi ya nafasi iliyopo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya uhifadhi kisiwani leo haihusu ndege moja kwa moja: ni kung'oa aina ya mpera iliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini, ambayo imejaa chini ya miti, na kupanda miche ya kienyeji mahali pake, hekta kwa hekta.